Daktari anaona milimita, mtaa unaona sura

Siku niliyotolewa vyuma mdomoni, daktari aliniwekea kioo kidogo mbele ya uso akasema, "Haya, jione." Yeye ndiye alikuwa anatabasamu kuniliko. Akanionyesha vile magego ya juu na ya chini yanakutana, na vile jino la chonge lililokuwa limepanda juu, kama abiria aliyekosa kiti kwenye matatu, sasa limeshuka na kukaa na wenzake. Halafu akakunja uso kidogo. "Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua. Mstari wa katikati umehama kama milimita mbili. Ungenipa miezi sita zaidi ningeurudisha."

Nikaangalia. Nikaangalia tena nikiwa nimetoa macho. Sikuona mstari wowote uliohama. Nilichoona mimi ni rangi ya kahawia. Nimekulia Njoro, na sisi watu wa huko tunajuana kwa meno. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, yanatoka tayari yamepigwa mistari ya kahawia. Mswaki hautoi. Vyuma pia havitoi, lakini hilo hakuna aliyeniambia waziwazi, na mimi sikuuliza.

Kufika nyumbani Umoja, mathe akanishika kidevu kama mtoto. Yeye ndiye aliyetoa pesa za chama, mizunguko miwili mizima. Akageuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha. "Yamenyooka," akasema. Kimya kidogo. "Lakini si ulisema yatakuwa meupe?" Shosho, ambaye alikuwa amekuja kutembea, hakuzungukazunguka: "Kwani hizo pesa zote walikuwa wanatengeneza nini?"

Watu wanne, mdomo mmoja. Daktari aliona milimita mbili. Mathe aliona rangi. Shosho aliona pesa. Mimi niliona kwamba tulikuwa tumelipia vitu tofauti bila kujua.

Ninaandika haya kwa sababu likizo zikifika simu zetu hujaa matangazo ya "tabasamu jipya", picha ya kabla na ya baada, na lipa pole pole. Najua wasee wengi wa rika langu ambao kazi ya kwanza wakipata, kabla hata ya kununua kitanda, wanaweka deposit ya breisi. Siwacheki. Mtu aliyefunika mdomo kwa mkono akicheka tangu darasa la sita anajua anachonunua. Shida yangu ni kwamba kile anachodhani ananunua na kile daktari anachodhani anauza mara nyingi si kitu kimoja, na pengo hilo hugunduliwa siku ya mwisho, pesa zikiwa zimeisha.

Na si mimi tu niliyekuja na macho mabovu kliniki. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, Vincent Kokich na wenzake, walichukua picha za tabasamu za wanawake wakazichezea kwenye kompyuta kidogo kidogo. Hapa wanasogeza mstari wa katikati, pale wanainamisha jino, pengine wanaongeza ufizi unaoonekana mtu akicheka. Kisha wakawapa makundi matatu wapige alama za uzuri: madaktari waliobobea katika kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida, na watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Matokeo yake yangenifanya nicheke pale kwenye kiti cha daktari kama ningeyajua mapema. Mstari wa katikati ulilazimika kuhama milimita nne ndipo wataalamu wa kupanga meno waone picha imeharibika. Chukua rula uangalie milimita nne ni kiasi gani. Madaktari wa meno wa kawaida na watu wa mtaani hawakushtuka hata ulipofika hapo. Yaani zile milimita mbili zangu, ambazo zingenigharimu miezi sita, kwenye picha zisingeonwa na mtu yeyote kwenye makundi yale matatu.

Lakini usikimbilie kusema wataalamu wanatafuta makosa tu. Jino la mbele likiinama milimita mbili, makundi yote matatu yaliona. Kwa hiyo jicho la mtaa si kipofu, lina mambo yake: hatujali sana kama safu nzima imesogea upande, lakini jino moja likilala tunaliona kutoka ng'ambo ya barabara. Ufizi ukionekana mtu akicheka, wataalamu walianza kulalamika kwenye milimita mbili. Sisi wengine, pamoja na madaktari wa kawaida, tulivumilia hadi nne. Safu ya meno ya mbele ikikaa mshazari, madaktari waliona kwenye milimita moja na watu wa kawaida kwenye tatu. Ile pembetatu nyeusi inayobaki kati ya meno karibu na ufizi, wataalamu waliiona ikifika mbili, sisi ikifika tatu.

Mimi jambo lililonigusa zaidi kwenye utafiti ule si tofauti ya daktari na raia. Ni kwamba mara kadhaa daktari wa meno wa kawaida aliangukia upande wetu. Mtu amesoma miaka mingi, anang'oa na kuziba kila siku, lakini kwa mstari wa katikati anaona kama mama mboga. Hiyo inamaanisha jicho la mtaalamu ni kitu cha kufundishwa, kama sikio la fundi wa injini. Fundi akisikia gari lako anasema kuna beringi inalia. Wewe unasikia redio.

Na sikio la fundi lilifundishwa wapi? Kwenye shule ya kupanga meno, mgonjwa hupunguzwa hadi kuwa vipimo. Kuna kipimo kinachoitwa PAR, kilichotoka Uingereza mwaka 1992, ambacho hutumika kupima kazi ya daktari ilikuwa nzuri kiasi gani. Unachukua nakala ya meno kabla ya tiba na nakala baada ya tiba, unahesabu meno yamebanana wapi, yamefungana vipi, mstari wa katikati uko wapi, halafu unalinganisha alama. Ni kipimo cha maana kabisa, kwa sababu kinamzuia daktari kujisifu bure. Lakini fikiria nakala yenyewe ilivyo: haina midomo, haina ngozi, haina rangi, haina mathe aliyeketi kando akihesabu pesa za chama. Kwa kipimo hicho mimi ni mafanikio makubwa. Kahawia yangu haiingii kwenye hesabu hata kidogo.

Kuna jambo zito zaidi hapo, na hapa naomba tuketi kidogo.

Mbali na meno yenyewe, mtaalamu hupiga eksrei ya kichwa kutoka upande na kupima pembe: taya limetokeza kiasi gani, meno ya mbele yamelala mbele kiasi gani, midomo imekaa wapi. Anahitaji kitu cha kulinganisha nacho, sura ya "kawaida". Moja ya vipimo vya mwanzo vilivyosambaa duniani ni vya William Downs, Mmarekani, mwaka 1948. Alivipata kutoka kwa vijana 20 tu wa kizungu wenye meno yaliyofungana vizuri. Ishirini! Hata darasa la tuisheni mtaani kwetu lina watu wengi kuliko hao. Vingine vingi vilivyofuata navyo vilitoka kwa watu wa kizungu.

Sasa mlete Mwafrika kwenye rula hiyo. Wengi wetu meno ya mbele, juu na chini, yametokeza kidogo kuliko ya Mzungu, na midomo imejaa. Kwa rula ile hiyo ni kasoro. Kwa sisi hiyo ni sura ya shangazi yako. Mwaka 1989 mtafiti Sunil Kapila alichapisha vipimo vya watoto Wakikuyu wa hapa Kenya, na ndivyo ilivyokuwa: taya la juu na meno yao vilikuwa vimetokeza zaidi ya vipimo vya watoto wa kizungu, na hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yao. Hawakuwa wagonjwa.

Hili si la kubishana tu kwenye makaratasi. Daktari akiamua meno yako yametokeza mno, anaweza kushauri meno manne ya nyuma ya chonge yang'olewe, ya juu mawili na ya chini mawili, ili ya mbele yarudishwe ndani. Meno yakirudi, midomo nayo hurudi kiasi. Kuna watu wanaohitaji hivyo kwelikweli: midomo haifungiki, meno hayana pa kukaa. Na kuna ambao watatoka pale na sura nyembamba ya mtu mwingine, eksrei ikisema hongera. Jino lililong'olewa halirudi. Kabla ya koleo kuingia, mwenye uso anafaa kuwa ameulizwa kama yeye mwenyewe anaona kasoro, na kama midomo yake anaipenda.

Mwanya ndio ushahidi ulio karibu zaidi. Kwenye vitabu vya kupanga meno, nafasi kati ya meno mawili ya mbele ni kitu cha kufunga. Huku kwetu, kuanzia Pwani hadi bara, mwanya ni urembo. Mtu anasifiwa nao, na kuna waliochonga wa bandia ili waupate. Babu zetu walienda mbali zaidi: Wajaluo waling'oa meno sita ya chini, Wamaasai mawili ya katikati, na bila pengo hilo mdomo ulionekana haujakamilika. Leo ni wachache wangetaka hivyo, na sitetei koleo la zamani kuliko la sasa. Nasema tu kwamba "mdomo mzuri" haujawahi kuwa kitu kimoja kwa watu wote.

Nina rafiki wa Mombasa aliyevaa vyuma kwa sababu meno ya chini yalikuwa yamepandana na chakula kilikuwa kinakwama. Siku ya kwanza tu alimwambia daktari wake, "Panga yote, lakini mwanya wangu usiguse. Nimeurithi kwa nyanya." Daktari akacheka, akaandika kwenye faili. Miaka miwili baadaye alitoka na meno yamenyooka, na mwanya uko pale pale. Kwenye kitabu hiyo ni kazi ambayo haijakwisha. Kwao nyumbani walipika biriani. Kilichomtofautisha na mimi si daktari bora. Ni kwamba yeye alisema anachotaka kabla ya gundi kukauka, na mimi nilifungua mdomo nikanyamaza, ambayo ni kazi ngumu kuifanya kwa pamoja.

Mpaka hapa ninaonekana nimechukua upande wa mtaa. Sasa nijichape mwenyewe.

Ile miezi sita sikumpa daktari. Nilikuwa nimeacha chuo muhula uliotangulia kwa sababu ya karo, na sikuwa na uso wa kumwambia mathe aongeze pesa kwa milimita ambazo hata mimi sizioni. Nikasema toa. Akatoa. Akanipa ritena, kile kiplastiki cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka, akaniambia nivae kila usiku. Akasema "kila usiku" mara tatu, nakumbuka. Nilivaa wiki kadhaa. Siku moja kwenye kibanda cha chapati nikaifunga kwenye tishu, nikaiweka mezani, na yule dada akasafisha meza. Niligundua nikiwa tayari Donholm. Nilipoambiwa bei ya nyingine, nikajiambia meno si yashapangika, yataenda wapi?

Yalienda. Watafiti wa chuo kile kile cha Seattle, wakiongozwa na Robert Little, walichapisha mwaka 1981 hali ya watu 65 waliokuwa wamepangwa meno baada ya kung'olewa mengine, angalau miaka kumi tangu waache kuvaa vya kushikilia. Kwa karibu theluthi mbili yao, meno ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena kiasi cha kutoridhisha. Meno si matofali ya simiti. Yanashikiliwa na nyuzi zinazovutika, na mfupa unaoyazunguka hubadilika maisha yote.

Kwangu ni jino moja la chini, limegeuka bega. Hakuna anayeliona kwa sababu mdomo wa chini unalificha. Lakini ulimi unalijua, na nikipiga mswaki najua liko pale. Na hapa ndipo jicho letu la mtaani linapoanguka. Sisi tunapima kwa kioo na selfi, na kwa kioo kazi huisha mapema sana: mwezi wa kumi hivi, meno ya mbele yakishanyooka, unaanza kumsumbua daktari avitoe. Yeye bado anashughulika na vile magego yanavyofungana, na mizizi iliyolala ndani ya mfupa, mambo ambayo hayatoki kwenye picha hata ukiweka filta gani. Hata ule mstari wa katikati nilioucheka, kuhama kwake kunaweza kuwa dalili kwamba upande mmoja haujafungana sawa na mwingine. Mimi niliusikia kama urembo wa mtu mwenye makini kupita kiasi. Huenda alikuwa ananiambia jambo la kuuma chakula, na sikumuuliza.

Sawa, kwa hiyo nani aseme kazi imekwisha? Msimamo wangu ni huu: jinsi meno yanavyofungana na afya ya ufizi, daktari ndiye atie sahihi. Uzuri wa sura, mwenye sura ndiye atie sahihi. Na sahihi hizo mbili ziwekwe mwanzoni, kwenye makubaliano, si siku ya kutoa vyuma.

Hii si ndoto. Uingereza tayari wana mfano, ingawa wao walikuwa wanatatua shida nyingine: nani apewe matibabu kwa pesa za umma. Kipimo chao kinaitwa IOTN, cha mwaka 1989, na kina sehemu mbili zilizotenganishwa kabisa. Moja ni ya afya, ina ngazi tano, na anaijaza mtaalamu. Nyingine ni ya sura, picha kumi za meno kuanzia yanayovutia hadi yasiyovutia, na mpangilio wa picha hizo ulitokana na alama zilizotolewa na watu wasio madaktari. Mtoto aliye ngazi ya tatu ya afya, yaani katikati, anaweza kupata matibabu ya serikali ikiwa kwa upande wa sura amefika picha ya sita kwenda juu. Yaani jicho la raia limewekwa ndani ya kipimo rasmi, na lina uzito wa kuamua. Lina dosari zake, kwa mfano rangi na uso mzima bado vimeachwa nje, lakini wamekubali kwamba hayo ni maswali mawili.

Hapa kwetu mengi ya matibabu haya yanalipwa kutoka mfukoni, kwa hiyo hatuna hata huyo mtu wa serikali wa kutuuliza. Ndiyo maana mazungumzo ya siku ya kwanza yana uzito wa pesa. Daktari akupe kioo kabla hajashika chombo chochote, akuulize: wewe unaona nini kibaya? Wengine watasema rangi. Hapo aseme waziwazi kwamba vyuma havibadilishi rangi, kwamba kahawia ya floraidi ina matibabu yake na gharama yake, na kwamba kwa kawaida hufanywa vyuma vikishatoka. Sentensi mbili tu, na mathe angejua anachochangia. Wengine watasema jino moja tu ndilo linawasumbua. Wengine watataja mwanya, ama wa kufunga ama wa kuachwa. Aandike. Halafu yeye naye aseme anachoona, na kwa kila kitu aeleze: hiki ni cha afya, hiki ni cha macho yangu tu. Na bei ya ritena iwe ndani ya bei ya kwanza, pamoja na ya pili ukipoteza ya kwanza, kwa sababu utapoteza. Dada wa chapati hana makosa.

Na sisi tuache ukaidi. Kuna watu mtaani wanaobandika vyuma vya urembo, rangi za kupendeza, bei nusu, kwa mtu ambaye hata glavu hana. Waya ukivuta jino, jino linaenda, haijali kama anayevuta amesoma. Madaktari wa meno hapa nchini husajiliwa na KMPDC, na baraza hilo lina orodha mtandaoni. Kutafuta jina ni kazi ya dakika moja, chini ya muda tunaotumia kuchagua filta. Pia zile picha za kabla na baada, jiulize ya baada ilipigwa lini. Mara nyingi ni siku ile ile vyuma vilipotoka, ufizi umesafishwa na taa imewekwa vizuri. Uliza kama wana picha ya mtu huyo huyo miaka mitatu baadaye.

Na kuna swali lingine ambalo matangazo hayaligusi: meno yakinyooka, maisha nayo yananyooka? Kule Cardiff, Wales, walianza kufuatilia watoto 1,018 wa miaka 11 na 12 mwaka 1981, wakawatafuta tena mwaka 2001 wakiwa watu wazima, wakawapata 337. Waliohitaji vyuma utotoni na kuvipata walikuwa na meno yaliyopangika zaidi na walikuwa wameridhika nayo zaidi. Lakini walipozingatia vile kila mtu alivyojithamini tangu mwanzo, vyuma vilikuwa vimeongeza kidogo sana kwenye afya yao ya akili ya ukubwani. Wameridhika na meno, ndiyo. Maisha yao yalikuwa na mambo mengine.

Naamini matokeo hayo, na bado ningevaa vyuma tena. Sikumbuki mara ya mwisho nilifunika mdomo nikicheka, na hilo halipo kwenye PAR wala kwenye dodoso la mtu. Lakini mara hii ningeenda na mathe. Angeketi kwenye kile kiti kidogo cha kona na kibeti chake mapajani, na angeuliza lile swali la rangi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Jumamosi nina miadi. Nimeambiwa lile jino la chini linaweza kurudishwa bila kuanza upya, kama sijachelewa. Nimeandika maswali yangu kwenye simu, na la kwanza ni kuhusu ule mstari wa katikati: ni wa kuuma, au ni wa macho yake?